Jiko lisilo na mwenyewe

Pale Gerezani, Dar es Salaam, huhitaji kuelekezwa waliko mafundi wa majiko. Masikio yatakupeleka. Juzi nilisimama mbele ya kijana aliyekuwa akilaza bati juu ya kipande cha reli na kulipiga nyundo, nikamuuliza swali ambalo hata mimi nililiona la kipuuzi: jiko hili alilibuni nani? Akaacha kupiga, akanitazama kama mtu aliyeulizwa nani aligundua ugali.

"Mzee, hili lilikuwepo tu," akasema. "Mimi nimelikuta."

Jirani yake, mwenye mvi, akadakia bila kuinua macho: "Limetoka Kenya hilo." Basi, mjadala ukafungwa na nyundo zikaendelea.

Lilikuwepo tu. Wiki nzima maneno hayo yamenizunguka kichwani, kwanza kwa kuwa si kweli, na pili kwa kuwa sijui kama iko sifa kubwa zaidi ambayo mbunifu wa vifaa anaweza kupewa. Jiko lile lenye kiuno chembamba na chungu cha udongo kifuani halikuwepo. Lina umri mdogo kuliko baadhi yetu tunaolipikia. Lilitafutwa na watu mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Nairobi, na mmoja wa waliolihangaikia zaidi ni Mkenya aitwaye Maxwell Kinyanjui. Kijana wa Gerezani hajawahi kulisikia jina hilo. Hata mimi nililijua ukubwani, tena kwa bahati, nikisoma habari za misitu.

Kabla ya hili la kiuno lilikuwapo jiko la bati tupu. Inasimuliwa kwamba liliingia na vibarua kutoka India waliojenga reli ya Uganda, likaenea mijini kwa sababu mtu wa chumba kimoja hana pa kuweka mafiga. Aliyelipikia hahitaji kufundishwa kasoro yake. Ukuta wake ni bati moja, moto uko upande huu na muundi wako upande ule. Unapika maharage na miguu yako pamoja. Sehemu kubwa ya joto la mkaa hutokea ubavuni ikaenda zake, na gunia linaisha wakati mwezi haujafika nusu.

Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa Nairobi kuhusu nishati mpya na jadidifu. Mikutano ya aina hiyo kwa kawaida huacha makabrasha. Ila miaka ileile Wizara ya Nishati ya Kenya ilikuwa na mradi uliofadhiliwa na Wamarekani, na asasi za kiraia za nishati zilikuwa zimekusanyika chini ya mwavuli wa KENGO, na katika heka heka hizo kukawa na watu waliotaka jibu la swali dogo tu: joto hili tunalizuiaje lisitoke? Thailand walishakuwa na jibu lao. Lilikuwa jiko la ndoo: nje bati, ndani chungu cha udongo uliochomwa, na katikati ya viwili hivyo majivu ya makapi ya mpunga ya kuzuia joto. Kinyanjui alikwenda kujionea.

Hapa ndipo ninapomwona mbunifu. Njia ya mvivu ingekuwa kuagiza ndoo za Thailand kwa kontena, au kuchora ndoo ileile na kuwaambia mafundi waifuate. Ndoo imenyooka kuanzia juu hadi chini, kwa hiyo chungu chake nacho ni kirefu, kizito, kinakula udongo mwingi na hupasuka kirahisi. Tena chini ni nyembamba kuliko juu. Ndoo ya namna hiyo inafaa kwa mtu anayechemsha wali au anayegeuza mboga kwa kijiko. Sasa iweke sufuria ya ugali juu yake, mpe mama mwiko, mwambie asonge. Mama hasongi kwa vidole. Anasonga kwa bega zima, mguu mmoja umekanyaga kishikio, na jiko lisilo na makalio litamwendea kichwa chini.

Majiko ya mwanzo yalipelekwa kwa vikundi vya wanawake wayajaribu, na waliyoyasema yakarudi karakana. Lililozaliwa baadaye ni umbo ambalo leo tunaliona hata hatulioni tena: koni mbili zilizokutanishwa sehemu zao nyembamba, kama mtu aliyejifunga mkanda. Chungu cha udongo kinakaa katika koni ya juu peke yake. Kiuno ndicho kinachokibeba kisidondoke, na kinagandishwa kwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yasiyopitisha joto kirahisi. Koni ya chini haina udongo kabisa. Ni mlango wa hewa na shimo la jivu, na upana wake ndio miguu ya jiko.

Ningependa msomaji aliye na jiko hilo uani aende akalitazame tena, maana kiuno kile kimoja kinafanya kazi nne. Kinashika chungu. Kinapunguza udongo kwa nusu, na kwa hiyo uzito na bei. Kinampa anayesonga ugali kitako cha kutegemea. Na kinampa fundi mkunjo rahisi, kwa sababu koni ni bati bapa lililokatwa upinde na kuzungushwa. Halihitaji mashine ya kufinyanga chuma. Mistari miwili ya mkasi na ribiti chache. Wanaofundisha ubunifu wa vifaa wanaweza kukaa muhula mzima na kiuno hicho.

Vipimo vilivyochapishwa tangu wakati ule vinasema jiko hili huokoa kati ya asilimia 30 na 50 ya mkaa ukililinganisha na lile la bati tupu. Kwa familia inayonunua mkaa kwa kopo, tofauti hiyo huonekana mfukoni kabla ya mwezi kwisha. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 makadirio yalitaja zaidi ya majiko 700,000 nchini Kenya. Lilishavuka mpaka kuja huku kwetu, tukaliita jiko bora, na Ethiopia likageuzwa kidogo likawa Lakech.

Ila takwimu hizo si za kiwanda, na kulisahau hilo ndiko kunakonikera katika namna tunavyozungumzia ubunifu. Nikienda kwenye maonyesho ya Sabasaba siku hizi nakutana na vijana hodari wenye vifaa vyao juu ya meza zilizovikwa vitambaa vyeupe. Kila mmoja ana nembo. Kila mmoja ana jina la kampuni, hadithi ya namna wazo lilivyomjia usiku, na ombi la mwekezaji. Siwalaumu, wamefundishwa kwamba mbunifu ni mwenye mali. Ukimuuliza mmoja wao kifaa chake kikiharibika Namtumbo atakitengeneza nani, anakwambia watafungua tawi.

Jiko la kiuno halikufungua tawi. Hakuna aliyelipia leseni ya kulitengeneza. Michoro ilipelekwa Shauri Moyo na Kamukunji, Nairobi, kwa watu wa jua kali ambao walikuwa bado wanafanya kazi juani kwelikweli, kabla Rais Moi hajawatembelea mwaka 1985 na kuahidi vibanda. Hawakuambiwa wanunue chochote. Nyundo waliyokuwa nayo ilitosha, mkasi uleule, tindo ileile, na bati la mapipa chakavu walilozoea. Kilichokuwa kigeni ni chungu tu, nacho kikapewa wenye ujuzi wacho, wafinyanzi. Kazi ikagawanyika pale ambapo ujuzi ulikuwa umeshagawanyika. Mwenye bati hakulazimishwa kujifunza tanuri, wala mwenye tanuri kujifunza ribiti.

Kwa hiyo watu wawili walifikiriwa kabla kifaa hakijakamilika: yule atakayekitumia na yule atakayekitengeneza. Vyuo vingi vinamhubiri wa kwanza, na ni haki. Wa pili anasahauliwa kwa sababu vitabu vingi vya ubunifu viliandikwa mahali ambapo anayetengeneza ni kiwanda, na kiwanda kinaagizwa tu.

Chukua Dieter Rams, ambaye wabunifu wa dunia wanamtaja kama waumini wanavyomtaja walii. Alizaliwa Wiesbaden, Ujerumani, mwaka 1932, na babu yake alikuwa seremala. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba huko ndiko alikojifunza kuheshimu kazi safi isiyo na madoido. Aliingia kampuni ya Braun mwaka 1955, akaongoza idara ya ubunifu tangu 1961 hadi 1995. Gramafoni ya SK4 aliyoifanya na Hans Gugelot mwaka 1956, yenye kifuniko cha plastiki angavu, ilichekwa kwa kuitwa jeneza la Snow White, kisha wote wakaiiga. Rafu zake za 606 za mwaka 1960 zinauzwa mpaka leo. Ana kanuni kumi, na ya mwisho inataka ubunifu uwe mchache kadiri inavyowezekana. Ninampenda Rams. Redio yake ukiitazama huoni mtu anayejigamba. Lakini ni lazima niseme kwamba kila kitu chake kimefungwa. Kitufe kiko pale kilipo kwa milimita, rangi ni ile aliyoichagua yeye, na mtumiaji anabakiwa na jambo moja la kufanya, kukubali. Heshima imo, ila ni heshima ya mwenyeji anayekukaribisha sebuleni na hataki usogeze kiti.

Gugelot alifundisha katika chuo cha ubunifu cha Ulm, na Ulm inanikumbusha kisa cha mtu mwingine, Victor Papanek. Huyu alizaliwa Vienna, akaishi Marekani, na mwaka 1971 akatoa kitabu kilichowachoma wabunifu wenzake kwa kuwaambia wanatumikia matangazo. Miaka ya 1960 yeye na mwanafunzi wake, George Seeger, walitengeneza redio ndani ya kopo tupu la bati. Ndani mlikuwa na nta na utambi. Ukiwasha, joto linageuka umeme kidogo unaotosha kusikia kituo kimoja kwa kisikilizio. Nta ikiisha unaweza kuchoma kinyesi kikavu cha ng'ombe. Gharama yake ilikuwa senti tisa za dola. Alipowaonyesha walimu wa Ulm picha za redio hiyo, wengi wao walitoka ukumbini. Ilikuwa mbaya sana machoni mwao. Angalau angeipaka rangi ya kijivu, wakamwambia.

Papanek alikataa kuipaka. Alisema si juu yake kuamua ladha ya watu asiowajua. Redio hizo zilipofika Indonesia, wenye nazo walizivika vitambaa, wakabandika vioo na makombe. Zikawa zao.

Nafikiri Rams na Papanek wangekaa meza moja bila kugombana, maana wote walichukia takataka. Lakini wamegawanyika kuhusu kazi inaisha lini. Rams anaimaliza kwenye ubao wake wa kuchorea. Papanek anaiacha nusu kwa makusudi. Na jiko letu liko upande wa Papanek, hata likampita, kwa sababu redio ya kopo ilibaki hasa katika vitabu na jiko linauzwa asubuhi hii Buguruni.

Lakini nisimpake mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuacha kifaa bila mwenyewe kuna bei, na bei hiyo nimeilipa mimi. Mwaka juzi nilinunua jiko kando ya barabara, jekundu, limepakwa rangi ya mafuta likang'aa. Wiki ya pili chungu kikapasuka vipande vitatu. Fundi niliyempelekea akacheka tu. Udongo haukuiva tanurini, akasema, na aliyeugandisha alitumia saruji tupu. Vamikulaiti ni ghali, nani atakuja kuchungulia? Saruji tupu ikipata moto inatanuka kwa namna yake na udongo kwa namna yake, wanasukumana mpaka mmoja anakubali. Akanifundisha kununua: gonga chungu kwa kifundo cha kidole. Kilichoiva kinalia. Kisichoiva kinajibu kama unagonga boga.

Jua kali wa Nairobi walilalamikiwa hivyohivyo tangu miaka ya mwanzo, na wapo waliosema dawa ni kulifungia jiko leseni, atengenezaye awe na cheti. Nawaelewa. Nilipokuwa nazoa vigae vyangu nilikuwa upande wao kabisa. Ila fikiria leseni hiyo ingefanya nini. Ingepandisha bei, ingempa kazi mwenye karakana ya ukuta na ofisi, na yule anayepigia bati chini ya mwembe angerudi kwenye jiko la bati tupu, kwa sababu hilo halina cheti. Mimi nimepoteza jiko moja. Nimejifunza kugonga, na jirani zangu watatu nimewafundisha.

Kasoro nyingine siwezi kuipita, ingawa si ya fundi. Jiko hili linaokoa mkaa. Haliondoi sumu ya mkaa. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko chumbani wasiamke. Mbunifu hakuahidi kuiondoa sumu hiyo, ila sokoni neno "bora" huwafanya watu wasikie ahadi ambazo hazikutolewa.

Wazee wa pwani wasingeshangazwa na falsafa hii. Tazama mbuzi ya kukunia nazi. Vibao viwili vinapishana kwenye msumari mmoja kama mkasi, kimoja ni kiti, kingine ni mguu, na mbele ulimi wa chuma wenye meno. Uzito wa mkaaji mwenyewe ndio unaoituliza. Kadiri unavyokuna kwa nguvu ndivyo inavyokaa imara. Ukimaliza unaikunja unaitundika ukutani. Hakuna anayejua ni seremala gani wa kwanza aliyeona kwamba anayekuna anaweza kuwa sehemu ya kifaa. Kila fundi ameinakshi kwa mkono wake, wa Lamu na wa Pemba, na kiungo chenyewe hakikuguswa.

Leo mjadala umehama mkaa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na mitungi midogo ya gesi inagawiwa kila kona. Nautakia heri, tena kwa dhati. Nina mapafu na nina misitu ninayoipenda. Lakini ningewaomba wanaochora vifaa vya mpango huo wapite kwanza nyumbani kwangu. Kona ya jikoni kuna jiko la kisasa nililopewa na mradi mmoja miaka kadhaa iliyopita. Ni zuri ajabu. Lina feni ndogo ya kuchochea moto na mdomo ulioumbwa kushika sufuria ya kipimo kimoja. Sufuria zetu zinanunuliwa za kupandana, kuanzia ya chai hadi ya pilau ya harusi, na kile kipimo kimoja hakimo. Feni ilipokufa hapakuwa na fundi aliyethubutu kulifungua, kwani halina ribiti wala skrubu ya kawaida. Mke wangu anahifadhia vitunguu. Vinakaa vizuri, vinapata hewa.

Aliyelichora alikuwa na akili, sina shaka. Alimfikiria mpishi, au picha ya mpishi aliyokuwa nayo. Hakumfikiria kijana mwenye kipande cha reli.

Kabla sijaondoka Gerezani siku ile, nilimwona kijana akimalizia jiko ambalo sikuwahi kuliona. Kiuno kilikuwa kilekile, chungu kilekile, ila amelipandisha juu ya miguu minne ya nondo iliyotanuka kwa chini, na katikati ya miguu ameweka kitandiko cha kulazia gunia la mkaa. Nikamuuliza ni la nani.

"La kaka mmoja muuza chipsi. Anasema mgongo unamuuma kuinamia karai."

"Na hiyo miguu umeiona wapi?"

"Nimeipinda tu." Akalitikisa, likakaa. Akaongeza, kama anayeomba radhi, kwamba nondo imembakia kwenye kazi ya geti.

Jirani mwenye mvi alikuwa ameshasimama. Ameshika kipande cha kamba, anapima kutoka nondo hadi kiuno, anafunga fundo, anapima tena upande wa pili. Hakuomba ruhusa, na kijana hakumtazama. Alikuwa tayari ameanza kukata bati lingine.